Mashine Iliyokataa Vidole vya Mama

Nianze kwa kujisifu, maana habari hii ni ya majisifu na sioni sababu ya kuzunguka. Mama yangu anachuma chai kuliko mtu yeyote wa kijiji chetu, na kijiji chetu, nje kidogo ya Igowole, hakina wavivu. Nimemwona akichuma kwa mikono yote miwili huku macho yake yako kwa mtu anayezungumza naye, na kila anachotupia kwenye tenga mgongoni ni majani mawili na chipukizi lake, hakuna jani gumu hata moja. Vidole vyake ni laini kama mpini wa jembe la zamani. Ulaini huo si wa mafuta, ni wa kusuguliwa. Utomvu wa chai umeingia kwenye nyufa za ngozi, ukakaa humo, ukawa mweusi, na sabuni ilishakata tamaa zamani.

Mimi sikurithi vidole hivyo. Nimeolewa Mbeya, nauza vitenge Mwanjelwa, na kazi nzito ya mikono yangu ni kukunjua doti, kisha kuikunja tena mteja anaposema anazunguka kidogo atarudi. Lakini baba alipofariki aliniachia kipande cha shamba, na kipande hicho kinanifanya niwe mwanachama wa chama cha ushirika cha wakulima wa chai wa kijijini, kama mama. Kukichuma anakichuma yeye. Kazi yangu ni kurudi nyumbani siku ya mkutano mkuu, kukaa viti vya mbele na kuwa na maneno mengi.

Lazima nieleze kwa nini mama aligombea uenyekiti, la sivyo mtadhani alitaka ukubwa. Majani ya chai hayana subira. Yakichumwa asubuhi, jioni yanatakiwa yawe kiwandani. Yakichelewa yanapata moto ndani ya gunia, yanageuka mekundu, na hapo unayamwaga. Kwa hiyo mwenye nguvu kijijini kwetu si mwenye shamba kubwa, ni yule anayepanga gari la majani lianzie banda gani. Mwenyekiti wetu wa wakati ule alipanga yeye. Gari lilianza kwake, likaenda kwa rafiki zake, likafika kwetu jua limeshachoka. Ukimuuliza, anasema barabara mbaya. Barabara ya kwetu ni mbaya kweli, sikatai, ila ilikuwa inaharibika kwa kuchagua watu.

Mama alisimama kumpinga mara ya kwanza zamani kidogo, enzi tulipokuwa tunachagua kwa mstari. Wagombea wanasimama mbele, na kila mwanachama anakwenda kupanga nyuma ya anayemtaka. Ni njia safi, hakuna cha kuiba, watu wanahesabika kama ng'ombe wanaoingia zizini. Lakini mwenyekiti naye ana macho. Nyuma ya mama tulisimama wachache: mawifi zake, katekista wa kigango chetu, na mimi niliyekuja kutoka Mbeya na kelele zangu. Msimu mzima uliofuata, majani ya wote waliopanga nyuma ya mama yalipakiwa mwisho.

Tukabadilisha, tukaenda kwenye karatasi. Sanduku likaingia ofisini kuhesabiwa, mlango ukafungwa kwa sababu ya upepo, eti, na sanduku likatoka na kura nyingi kuliko watu waliokuwa uwanjani. Hata kuku wa ofisini walicheka. Basi safari hii kamati ya uchaguzi ikaamua kumaliza ubishi kabisa. Ikakodi mashine ya kupigia kura kutoka kwa kampuni moja ya mjini. Unaweka kidole, mashine inakutambua, inakuonyesha picha za wagombea, unagusa unayemtaka, basi. Matokeo yanatoka palepale.

Mimi nilifurahi. Nilimwona mama keshashinda, maana nani angejua nani kagusa picha gani? Wataalamu wawili walikuja mwezi wa saba kuandikisha vidole vya wanachama. Kipupwe kilikuwa kikali, ukungu haukutoka siku nzima, chai imelala haichipui, na watu walikuwa majumbani wanaota moto. Vidole vyote vikaingia bila tabu, vya mama vikiwemo. Uchaguzi ukapangwa mwezi wa tatu.

Katikati hapo maneno yakatembea. Kila nilipopiga simu nyumbani nilikuta jipya. Wengine walisema kura zilishapigwa hukohuko mjini, mashine inakuja kuonyesha tu. Wengine walisema inapeleka kwenye simu ya mwenyekiti jina la kila aliyemnyima kura. Mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye haogopi kitu chini ya jua, aliniambia yeye hofu yake ni kidole chenyewe.

"Haka kamashine kakishachukua kidole changu, kakienda kukopea pesa huko, nitalipa mimi?"

Niliwacheka. Nilikuwa nakaa mjini, najua mashine, nafungua simu yangu kwa kidole mbele ya wateja huku nimeinua shingo. Mama peke yake hakunipa nafasi ya kumcheka.

"Wewe umeiona ndani yake?" aliniuliza.

"Mama, hata simu yako hujaiona ndani."

"Simu yangu nikikosea namba, inaniambia nimekosea. Hii ikikosea yenyewe, nani ataniambia?"

Nikabadilisha mazungumzo, nikamuuliza habari za mahindi.

Siku ya uchaguzi niliamka na fahari iliyopitiliza. Nilikuwa nimemshonea mama gauni la kitenge kizuri kuliko vyote dukani kwangu, na akalivaa, akafunga na kilemba chake. Uwanja wa shule ya msingi ulijaa. Masika yalikuwa yamepamba moto, chai inachipua mpaka watu wanakosa usingizi, na wengi walitoka shambani moja kwa moja na matenga yao, maana kuacha kuchuma siku nzima mwezi wa tatu ni dhambi ambayo hata padri anaielewa. Wazee wachache walishaonja ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na walikuwa wachangamfu kupita saa yenyewe. Mashine iliwekwa juu ya dawati barazani, ndogo, nyeusi, inang'aa, na sauti ya dada wa mjini ndani yake.

Mwenyekiti alitangulia. Aliweka kidole gumba, taa ikawaka kijani, na yule dada akasema, "Asante. Chagua." Watu wakacheka kwa mshangao, na mwenyekiti akapunga mkono. Wakafuata wenye maduka, wakafuata wale ambao mashamba yao yanachumwa na vibarua. Kijani, kijani. Nilipofika mimi, sikumaliza hata kubonyeza. Kijani.

"Vidole vya Mbeya hivyo!" mama mdogo alipiga kelele kutoka nyuma. Nami nikainua kidole changu juu kama nimekishinda kwenye mashindano.

Kisha wakaja wachumaji.

Wa kwanza alikuwa shangazi mmoja ambaye shamba lake liko mtoni. Taa ikawaka nyekundu. "Jaribu tena," akasema dada wa kwenye mashine. Akajaribu tena. Nyekundu. Akajaribu kidole cha pili, cha tatu, akamaliza mkono wa kulia akahamia wa kushoto. Mtaalamu akamfuta kwa kitambaa, akafuta na kioo. Nyekundu. Akapishwa pembeni, akaja mwingine. "Jaribu tena." Akaja mzee mmoja mchumaji hodari. "Jaribu tena." Foleni ya waliokataliwa ikawa ndefu kuliko foleni ya wanaongoja.

Mtu akasema ni utomvu, vidole vinawe. Basi wakakimbilia jikoni mwa shule, wakasugua vidole kwa majivu, wakasugua kwa limau, wengine wakasugua kwenye tofali. Wakarudi vinang'aa, na mashine ikawakataa vibaya zaidi. Kile kidogo kilichokuwa kimebaki kwenye ngozi nacho wamekiondoa.

Mama alifika zamu yake. Aliweka kidole taratibu, kama anavyoweka hostia mdomoni. Nyekundu. Hakujaribu tena. Aliutazama mkono wake, akautazama upande wa pili, akatoka kwenye mstari. Mgombea mwenyewe, hana kura ya kujipigia. Nilitamani kuibeba ile mashine niitupe kisimani, mimi niliyekuwa nimeitetea tangu mwezi wa saba.

Ni mama mdogo aliyesema kwa sauti kile ambacho kila mtu alikuwa ameshakiona.

"Mbona imewakubali wanaokaa dukani tu? Sie tunaochuma haitujui?"

Mtaalamu mkubwa kati ya wale wawili alikuwa kijana muungwana, namsifu. Hakudanganya. Alivuta mkono wa shangazi wa mtoni, akautazama kwenye mwanga, kisha akaeleza kwamba walipoandikisha ilikuwa kipupwe, mikono imepumzika na mistari ya vidole imerudi. Sasa ni katikati ya msimu, mistari imelika na mashine haina cha kusoma.

"Yaani chai ndiyo imetufuta?" akauliza mama mdogo.

"Ndiyo, mama."

"Kumbe tumeitwa kupiga kura mwezi ambao hatuna vidole!"

Kicheko kilianza na kikafia njiani, kwa sababu mwenyekiti alishasimama. Akasema utaratibu ni utaratibu. Waliokubaliwa na mashine wamalize kupiga kura, na waliokataliwa watapangiwa siku yao. Alisema kwa upole kabisa, na kila mtu alielewa. Siku hiyo isingekuja. Wenye maduka na wenye vibarua wangemrudisha kitini kabla ya chakula cha mchana, na gari lingeendelea kuanzia kwake. Vijana wakaanza kusogelea baraza kwa mwendo ambao haukuwa wa kupiga kura. Wengine wakapiga kelele kwamba tulisema sisi, mashine ilishapangwa! Afisa ushirika aliyetoka wilayani akaanza kukusanya vitu vyake, akisema mkutano utaahirishwa mpaka itakapotangazwa tena. Kuahirisha nako kulikuwa ushindi wa mwenyekiti, kwa kuwa mpaka hapo atakuwa bado anapanga gari yeye.

Mama akasimama mbele ya baraza, kati ya vijana na mashine. Yeye si mzungumzaji. Alisalimia, "Kamwene," kama yuko mlangoni kwa mtu, na watu kwa mazoea tu wakajikuta wameitikia, na walipoitikia wakanyamaza.

"Hii mashine haijaiba," alisema. "Msiipige, ni ya watu. Haitujui tu. Sasa mimi nauliza, sisi wenyewe hatujuani?"

Akawakumbusha jambo ambalo kila mmoja alilijua. Kwenye banda la kupimia, magunia yanafanana. Ukitokea ubishi gunia hili ni la nani, mpimaji hatafuti kidole cha mtu. Anaita jirani wa kulia na jirani wa kushoto, wale ambao mashamba yao yamepakana na la huyo mtu, kwa kuwa wao ndio waliomwona akichuma. Wakisema "tunapakana," gunia linapimwa. Wakidanganya, yao wote watatu hayapimwi. Hakuna aliyekumbuka mtu kuthubutu kudanganya, sababu jirani ukimpoteza unalima na nani?

"Basi na leo tufanye hivyohivyo," mama akasema. "Kila mtu aje na wa kulia wake na wa kushoto wake. Wote. Aliyekubaliwa na aliyekataliwa."

"Halafu apige kura kwa kutumia nini? Kwa mashine hiyohiyo?" akauliza mtu.

"Kwa karatasi. Za kwenye mashine tunazifuta, tunaanza upya wote."

Mnong'ono ukapita, maana karatasi tulishaionja. Katekista akadakia, mtu wa mzaha siku zote. "Mgololo hapo wanatengeneza karatasi, moshi wake tunaunusa upepo ukigeuka, halafu sisi watu wa Mufindi tukose karatasi ya kura?" Watu wakacheka, lakini mama mdogo hakucheka. Alisema karatasi hana ugomvi nayo, ugomvi wake ni sanduku. "Tusiuziwe tena mbuzi kwenye gunia."

Mama akaenda penye matenga, akarudi na gunia lake la majani. Wasiojua chai, niwaambie: magunia ya kubebea majani mabichi yametengenezwa kwa nyavu, ili majani yapumue. Ukilitazama unaona kila kilichomo ndani. Akalitundika kwenye ndoano ya mizani ya chama iliyoletwa uwanjani kwa wale waliokuja na majani, likaning'inia katikati ya uwanja, tupu, na upepo unapita ndani yake.

"Unaandikia darasani, peke yako," alisema. "Mlango tunaufunga, hakuna atakayejua umeandika nini. Ukitoka, unakunja, unaitia humu mbele yetu wote. Halitaingia ofisini. Litahesabiwa hapahapa."

Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele na maneno yangu yote, na sikuwa na hata moja la kuongeza. Nilimtazama mama kana kwamba ndiyo kwanza naonyeshwa. Kwenye mstari tuliona kila kitu na hakuna aliyekuwa huru. Kwenye mashine tulikuwa huru na hakuna aliyeona kitu. Na yeye, kwa gunia la nyavu lenye harufu ya majani, alikuwa ameficha kile tu kinachostahili kufichwa.

Mwenyekiti alipinga. Alisema mashine imekodiwa na uamuzi ulishapita. Afisa ushirika akafikiri, akasema mkutano mkuu ndio wenye chama, ukiamua umeamua. Akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Ikanyanyuka. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Mikono myeusi kwenye vidole, iliyopasuka, iliyosuguliwa majivu na limau, mingine bado inadondosha maji, imejaa uwanja mzima. Mikono iliyokuwa imekataliwa saa hiyohiyo ndiyo ilikuwa inaamua. Nililia, na sioni aibu kusema. Hata yule mtaalamu kijana alianza kunyoosha wake, akakumbuka yeye si mwanachama, akaushusha.

Mwalimu mkuu akaleta karatasi, afisa akazigonga muhuri. Anayejua kuandika aandike jina la anayemtaka, na asiyejua achore alama ya mgombea wake. Mama alichagua tenga. Mwenyekiti alichagua gurudumu, kwa ajili ya gari, na alilichagua kwa maringo.

Tukaanza. Mtu anasogea kwenye mlango wa darasa, wa kulia wake anasema "Tunapakana," wa kushoto wake anasema "Tunapakana," anapewa karatasi, anaingia. Lilikuwa jambo la haraka kuliko mashine. Lilikuwa pia na raha yake, kwa kuwa watu hawakuweza kusema neno moja wakaishia hapo. "Tunapakana, na mbuzi wake ananilia maharage." "Tunapakana, mke wake akijifungua mkunga ni mimi." Nilipofika, wa kulia wangu alikuwa katekista na wa kushoto wangu alikuwa mama. Katekista akasema, "Tunapakana, ingawa shambani simwoni." Uwanja mzima ukanicheka, na nilistahili. Mama akasema "Tunapakana" bila kuongeza kitu, nikaingia.

Kisha zamu ya mwenyekiti ikafika.

Alisogea mlangoni taratibu. Wa kushoto wake, mwalimu mmoja mstaafu, akasema, "Tunapakana." Watu wakageuka kumtafuta wa kulia. Wengi wetu tulikuwa tumesahau, lakini hakuna aliyeweza kubisha, maana miti ya mpaka ipo na kila mtu anaijua. Upande wa kulia wa shamba la mwenyekiti ni shamba la mama yangu.

Mashine ilikuwa imemkubali mwenyekiti mtu wa kwanza kabisa, na sasa hana pa kupita ila kwenye mdomo wa mwanamke ambaye majani yake aliyaacha yaungue msimu mzima. Mimi, kwa hasira zangu, nilikuwa nasema moyoni: nyamaza, mama. Nyamaza tu. Aone inavyokuwa kungoja. Mama mdogo alikuwa amenishika mkono, na kwa jinsi alivyonibana najua naye alikuwa anasema hivyohivyo.

Mama alimtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akamtazama yeye.

"Tunapakana," mama akasema. Kisha akaongeza, "Vibarua wake wanachuma vibaya, wanavunja hata matawi. Lakini ni wetu."

Uwanja ulipasuka kwa kicheko, na mwenyekiti mwenyewe akacheka, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili. Akaingia darasani kupiga kura dhidi ya mama yangu kwa idhini ya mama yangu. Hasira yangu iliisha palepale. Sijawahi kujivunia kuzaliwa na mtu kama nilivyojivunia saa ile, na matokeo yalikuwa hayajatoka.

Gunia likajaa polepole mbele ya macho yetu, karatasi zimebanana ndani ya nyavu, na watu hawakulipa kisogo hata waliokwenda kuchota maji. Walilitandikia turubai la kuchambulia majani, wakalimimina juu yake, na afisa akahesabu karatasi moja moja kwa sauti huku kila moja ikiinuliwa juu. Matenga mengine yalichorwa yakafanana na chungu, mengine yakafanana na kuku. Magurudumu yalikuwa mazuri yote, duara halina kazi. Lakini yale matenga mabaya yaliyazidi, si kwa mengi, yaliyazidi.

Afisa akamgeukia mwenyekiti, akamuuliza kama ana pingamizi. Mwenyekiti akaligeukia lile gunia tupu.

"Nipinge nini?" akasema. "Nilikuwa nalitazama. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Akasogea kwa mama, akampa mkono. Wale wataalamu wakafunga mashine yao kwenye begi, na kijana muungwana akaomba apige picha ya lile gunia kabla hatujalikunja. Mama mdogo akamwambia apige, ila asilikodishe.

Nilipanga kurudi Mbeya kesho yake. Sikurudi. Nilimpigia mume wangu kwamba duka liningoje, nikashuka shambani na mama, kwenye kipande changu mwenyewe, nikachuma. Nilichuma vibaya, nikikata majani magumu, na mama akiyatoa kwenye tenga langu mbele yangu bila kusema kitu. Siku ile ya kwanza ya uongozi wake gari la majani lilikuja, nami nikakaa juu ya kichuguu nilione likianza kwetu hatimaye. Likatupita. Likaanzia banda la mwenyekiti wa zamani. Niliruka nikamfuata mama huku nafoka.

"Vibarua wake wamemaliza mapema," alisema, akiendelea kuchuma. "Aliyechuma mapema anapakiwa mapema. Niliomba kura kwa lingine?"

Nikarudi kwenye mstari wangu nikaongeza mwendo.

Siku niliyoondoka nilisimama Nyololo, kwenye barabara kuu, nikingoja basi la Mbeya. Ncha za vidole zilikuwa zinaniuma, nyeusi kwenye nyufa, na limau la mama halikufua dafu. Nikatoa simu nimjulishe mume wangu kwamba niko njiani, nikaweka kidole kama kawaida. Ikakataa. Nikakifuta kwenye khanga nikaweka tena. Jaribu tena, ikaandika. Nikabaki nimekishika kile kidole juu, peke yangu kando ya barabara, nacheka mpaka muuza mahindi akanigeukia.

Ilinibidi niandike namba ya siri. Mume wangu alipopokea aliniuliza nimekwama wapi, mbona nimechelewa kupiga.

"Simu imenikataa," nikamwambia.

"Imekukataa kwa nini?"

"Nilikuwa nachuma chai na mwenyekiti."